Meno Mabovu Mwezi wa Juni

Zdislava Kubátová alifundishwa kumimina maji kabla ya kuruhusiwa kugusa bia. Mjomba wake, aliyekuwa na baa ya Kwa Mhunzi kabla yake, alimsimamisha nyuma ya kaunta majira yote ya baridi, akampa glasi na koki ya maji, akamwambia afungue yote au asifungue kabisa. Koki iliyofunguliwa nusu, mjomba alisema, hutoa kelele na povu bovu, kama mtu anayeficha jambo. Majira ya kuchipua yalipofika akampa bia. Tangu siku hiyo mji wetu umekunywa kutoka mkononi mwake, na watu wengi hapa wamezaliwa, wakakua na kupata mvi bila kujua mkono mwingine.

Sisi tunamwita Slávka. Mumewe, Ctibor, alifanya kazi kwenye mashine za kupasulia mbao, akafa ghafla akiwa amekaa kwenye benchi mbele ya nyumba, kofia magotini. Watoto hawakujaaliwa. Baada ya mazishi alifunga baa kwa muda mfupi tu, kisha akafungua dirisha, akawasha jiko la kuni, akasuuza glasi. Nakumbuka tulivyoingia tukiwa na maneno ya pole mdomoni, naye akatuzuia kwa kutuwekea bia mbele. Hakuna aliyemwona akilia. Lakini mtu yeyote aliyekaa karibu na kaunta siku zile aliona jinsi alivyoishika ile koki, kama mtu anayevuka daraja anavyoshika kamba.

Kumimina kwake hakukuwa na madoido. Alisuuza glasi kwa maji baridi, akaiacha imelowa, kwa sababu glasi kavu huikwaruza bia na kuiamsha vibaya. Alitanguliza povu, zito na la mvua, kisha akafungua koki yote, na bia ikapita chini ya povu bila kukutana na hewa. Povu likapanda pamoja nayo kama mfuniko. Gesi ya ukali ilibaki humo njiani, na iliyofika kooni ilikuwa imeshatulia. Kwetu bia haisifiwi kwa kuitwa nzuri. Inasifiwa kwa kuagizwa nyingine.

Alikuwa na maoni makali juu ya kila chombo. Bia ya kopo ikinywewa kwenye kopo, alisema, ni chakula kinacholiwa pua zikiwa zimezibwa. Chupa ya plastiki aliivumilia kwa safari tu, maana gesi huitoroka polepole hata ikiwa imefungwa. Chupa ya kioo aliiheshimu, ila aliwadharau wanaoinamisha glasi na kuiteremsha bia taratibu ukutani ili povu lisitoke. Akiwaona, aliwaambia kuwa gesi wasiyoitoa kwenye glasi wataitoa wenyewe baadaye, tena mbele za watu. Jumapili, waliokuja na mitungi ya udongo kuchukua bia ya chakula cha mchana aliwajazia mpaka povu likakaa shingoni mwa mtungi, akawaagiza watembee bila kusimama kuzungumza na mtu. Mjini kwetu mtu akikupita Jumapili bila salamu, huulizi kwa nini.

Bia yenyewe ilitoka juu ya kilima, nyuma ya kanisa, kwenye kiwanda kidogo ambacho Radovan Pešek alikifufua aliporudi kutoka jiji la Brno. Radovan ni mtu wa kimya, mwenye masikio makubwa, na laga yake, bia inayochachuliwa polepole, anailaza kwenye baridi wiki nyingi hadi izae gesi yake yenyewe. Aliwahi kuniambia kwamba anapika bia, lakini anayeimaliza ni Slávka. Hakuwa anamsifu. Alikuwa anaeleza kazi ilivyo.

Basi mwezi wa Februari, Slávka akiwa anatoa majivu ya jiko, aliteleza kwenye barafu mlangoni. Kifundo cha mkono wa kulia kikavunjika. Alikaa na plasta ngumu mpaka karibu na Pasaka, na muda huo wote Radovan alisimama nyuma ya kaunta badala yake. Kupika anajua. Kumimina alimimina kama anayenywesha ndama. Tulikunywa, tukamshukuru, tukanyamaza. Nadhani ni hapo tulipojizoeza kunyamaza.

Aliporudi, mkono ulikuwa mwembamba na wa njano kidogo, kama kitu kilichohifadhiwa gizani. Glasi zetu ni nzito, zenye kishikio, na alipoinua ya kwanza tuliona ikitetemeka. Tulitazama kwingine. Bia ilikuwa nzuri, ingawa ilichukua muda kufika. Radovan alikuwa akija na mapipa mapya ya chuma, akiyashusha mwenyewe kwenye stoo ya chini na kuyafunga kwenye mpira wa kupandishia bia, ili Slávka asipande na kushuka ngazi zile za mawe. Mambo yakawa yamerudi mahali pake, au ndivyo tulivyodhani.

Kisha, mwezi wa Mei, bia ikaanza kuchoma.

Mwanzoni kila mmoja alidhani ni yeye. Povu lilipanda haraka, lenye macho makubwa kama povu la sabuni ya vyombo, kisha likaanguka kabla hujaweka glasi chini. Funda la kwanza lilipanda puani. Glasi ya pili ilipoisha tumbo lilikuwa limewambwa kama ngoma. Aliyeumia zaidi ni mzee Otmar Hlaváč, aliyekuwa akiongoza treni kwa ishara, ambaye madaktari walimkata nusu ya tumbo miaka ya nyuma. Bia moja ya jioni ndiyo starehe aliyoachiwa. Sasa alikuwa akiinywa kwa vipande, uso umekunjamana, mkono kwenye mkanda.

Hakuna aliyemwambia Slávka. Ungemwambia nini? Kwamba mkono umeisha? Mwanamke huyu alikuwa na nyumba tupu juu ya ngazi na koki moja chini yake. Tulijua ni nini kitatokea akisikia: angevua aproni siku hiyohiyo, maana hakuwa mtu wa kumpa mwenzake kitu kibovu, na baada ya hapo angekaa kwenye benchi la Ctibor akiangalia barabara. Kwa hiyo kila mtu, peke yake, bila kupanga na mwenziwe, akaamua kuinywa.

Otmar ndiye aliyepata njia. Ukutani Kwa Mhunzi kunaning'inia kifaa cha zama za mjomba: mrija wa bati wenye mfuniko na kulabu. Unatiwa maji ya moto, unaning'inizwa ndani ya glasi, nao unaiondolea bia ubaridi kwa ajili ya wazee wenye meno au matumbo yasiyostahimili. Ila joto lina kazi nyingine pia. Linaiamsha gesi na kuifukuza. Jioni moja Otmar alisema jino linamsumbua, akaomba mrija. Slávka akachemsha maji. Otmar akanywa bia yake ya vuguvugu, tulivu kama chai, na uso ukamkunjuka.

Kesho yake jino likamuuma mwingine. Keshokutwa wawili. Juni ikaingia na joto lake, watu wakaja kutoka kukata nyasi mashati yamegandana na migongo, wakaketi, wakafuta jasho, wakaomba maji ya moto ndani ya bia. Mrija ulikuwa mmoja. Ukawa unapita meza hadi meza, na birika halikutoka jikoni. Slávka alijaza, akaning'iniza, akapokea, akajaza tena. Mgeni angeingia jioni zile angeamini mji wetu wote umerogwa mdomoni.

Ilimalizika na Bedřich. Bedřich ni mwenye bucha, mtu anayevunja kokwa za jozi kwa magego harusini ili watoto wacheke. Naye akaja kwa mara ya pili, akainamisha kichwa, akaomba mrija.

Slávka akamtazama. "Jino lipi?"

"La nyuma."

"Juzi ulisema la mbele."

Bedřich akafikiri. "Limehama."

Watu wakacheka, na Slávka naye akacheka kidogo, akaenda jikoni. Lakini aliporudi na birika nilimwona usoni. Aliujaza mrija jioni ile yote kwa uangalifu mkubwa, kama mtu anayehudumia wageni msibani, na msiba ni wake.

Yaliyofuata alinisimulia mwenyewe baadaye. Jumatatu baa hufungwa. Asubuhi alisimama kwenye sinki la nyumbani, akafungua bomba, akamimina maji kwenye glasi, kama alivyofanya akiwa msichana. Mkono ulitetemeka. Akabadilisha glasi, ukatetemeka. Akakaa, akautazama mkono ule uliolala mezani, akasema moyoni kwamba mjomba alikufa akimimina, Ctibor alikufa amekaa, na yeye inaonekana atakufa akitazama. Kisha akavaa viatu, akachukua funguo za Kwa Mhunzi, akapanda kilima.

Radovan alikuwa anaosha sakafu kwa mpira wa maji. Slávka akaweka funguo juu ya gunia la kimea.

"Chukua," akasema. "Wiki hii namalizia. Baada ya hapo tafuta mtu mwenye mkono."

"Shangazi, una mikono miwili."

"Usinitanie, Radovan. Watu wanachemsha bia yangu mwezi wa Juni."

Radovan akafunga maji. Akauliza watu wanasema nini.

"Hawasemi. Hilo ndilo linaloniua. Wangenitukana ningejua bado wananihesabu mzima."

Akamweleza yote: povu lenye macho, ukali unaopanda puani, tumbo la Otmar, meno yanayohama. Alieleza bila kujihurumia, kama mganga anayesoma ugonjwa wa mtu mwingine. Na kadiri alivyoeleza, Radovan alianza kuwa mwekundu, kutoka shingoni, kwenda kwenye yale masikio.

"Inachoma tangu lini?"

"Tangu Mei. Inachoma kama upupu."

"Na jioni ngapi pipa linakaa siku hizi?"

"Linakaa. Nani anywe mbili?"

Radovan akaketi kwenye ukingo wa ndoo, mpira bado mkononi, maji yakimdondokea buti. "Si mkono, shangazi," akasema. "Ni mimi."

Ilikuwa hivi. Baada ya Pasaka alimwona Slávka akimimina na kuegemea kaunta, akisubiri bia ipande kupitia mpira mrefu wa kutoka stoo, glasi nzito ikiwa mkononi muda wote huo. Akamwonea huruma. Alijua akiuliza atajibiwa kuwa hakuna tatizo. Basi aliposhuka kufunga pipa jipya, aliongeza kidogo nguvu ya mtungi wa gesi, ili bia isukumwe haraka na glasi ijae upesi. Ikasaidia. Safari iliyofuata akaongeza tena. Gesi ile ya mtungi kazi yake ni kusukuma tu, laga yake haihitaji kuongezewa chochote. Lakini ukiisukuma kuliko inavyotakiwa, na pipa likakaa, inaingia ndani ya bia yenyewe na kutulia humo. Watu wakaanza kunywa kidogo kwa sababu inachoma. Kwa kuwa walikunywa kidogo, pipa likakaa zaidi. Na kwa kuwa lilikaa zaidi, likachoma zaidi. Huku juu, mkono bora kuliko wote wa mikoa yetu, Bohemia na Moravia, usingeweza kuitoa gesi yote ile kwenye glasi moja.

"Uliingia stoo yangu ukanigeuzia gesi bila kuniambia," Slávka akasema.

"Nilitaka kukupunguzia uzito."

"Na mimi nimeuzika mkono wangu ukiwa hai."

Akaketi juu ya magunia. Radovan alidhani analia, akasimama bila kujua la kufanya na mikono yake. Lakini mabega ya Slávka yalikuwa yanatikiswa na kicheko, kile kisicho na sauti, kinachomtoka mtu aliyetafuta mtoto sokoni kutwa nzima akamkuta amelala chini ya meza ya nyumbani. Radovan akaenda kwenye tangi la baridi, akafungua koki ndogo ya kuonjea, akamletea kikombe. Slávka hanywi kazini, na asubuhi hanywi kabisa. Alikunywa chote. Alisema ilishuka bila kugusa kuta za koo.

Nilimwuliza, wakati ananisimulia, kwa nini hakushuka stoo hata mara moja kutazama saa ya mtungi, ile inayopima nguvu ya gesi. Kila mtu wa kazi hiyo angeanzia hapo. Alisema ngazi zilikuwa mbaya na Radovan alikuwa anamsaidia. Kisha akasema kuwa mtu aliyekwisha kujihukumu haendi kutafuta shahidi wa kumtetea.

Wakateremka pamoja. Lile pipa lililokuwa limefungwa walilitoa, nalo likafoka kama paka. Wakafunga lililotoka kilimani asubuhi ile, na mara hii Slávka mwenyewe akashuka ngazi, ameshika ukuta, akapunguza nguvu ya mtungi kwa mkono wa kulia mpaka mshale ukarudi mahali ulipokuwa ukikaa siku zote. Radovan alisimama pembeni, mikono mfukoni, maana alikatazwa kugusa.

Lakini nafuu yake haikuwa kamili bado, na alilijua hilo. Gesi ilikuwa na kosa. Haikumaanisha mkono hauna.

Jumanne jioni tuliingia kama kawaida, kila mtu na jino lake. Dirisha lilikuwa wazi, upepo ukileta harufu ya nyasi zilizokatwa na ya mto. Radovan alikuwa amekaa kwenye kona, jambo lisilo la kawaida, tena bila glasi. Otmar akaketi mahali pake, akainua kidole kuomba bia na mrija.

"Kwanza onja bila," Slávka akasema.

Otmar akatutazama. Tukatazama meza.

Slávka akasuuza glasi. Tuliona mkono ukitetemeka, hakuuficha. Aliegemeza kitako cha glasi kwenye wavu wa chuma ulio chini ya koki, akaishika kwa mkono wa kushoto, na wa kulia ukabaki na kazi moja tu, kufungua. Akafungua yote. Povu likalala chini, jeupe, zito, na bia ikapita chini yake bila sauti. Tukasikia mtu akipita barabarani na baiskeli.

Akaiweka mbele ya Otmar. Povu lilisimama. Otmar akaliangalia kama anavyoiangalia treni aliyosikia kuwa imechelewa. Akaliacha kidogo. Bado limesimama. Akainua glasi kwa mikono miwili, akanywa funda dogo la mtu anayeogopa, akangoja kitu kimpande puani. Hakikumpanda. Akanywa funda la pili, refu, na kwenye ukuta wa glasi povu likaacha pete nyeupe mahali bia ilipokuwa. Kisha pete nyingine chini yake. Tulimtazama koo likipanda na kushuka. Slávka alikuwa ameshika kaunta.

Otmar akaweka glasi chini, akapitisha mkono kwenye masharubu, akasubiri tumbo lake liseme. Halikusema.

"Slávka, binti yangu," akasema, "nipe nyingine. Ndogo, lakini nyingine."

Sijui nani aliyeanza kupumua kwanza. Najua benchi letu lote lilishuka kidogo, kama mizigo imeteremshwa mabegani. Bedřich alitangaza kuwa jino limepona. Slávka hakucheka. Alimimina, akamimina, glasi baada ya glasi, mpaka kila mtu akawa na yake, ya baridi, mbele yake, na Radovan pia. Kisha akakausha mikono kwa aproni, akaja akasimama katikati ya sakafu, mahali ambapo huwa hasimami.

Alitueleza habari ya mtungi kwa maneno machache, bila kumwangalia Radovan, ambaye hata hivyo alikuwa ameshaanza kuwa mwekundu. Halafu akasema:

"Mlinipenda vibaya. Wote. Mngeniacha niondoke hapa nikiamini ninyi mna meno mabovu na mimi nina mkono uliokufa. Siku nyingine kitu kikiwa kibaya humu ndani, mniambie usoni. Nimeeleweka?"

Tukasema ameeleweka.

"Basi, kwa kuwa umesema," Otmar akaanza, taratibu, "zile soseji zako za siki zimekuwa laini mno tangu mwaka juzi."

Slávka akakunja mikono kifuani. Mmoja akasema mlango wa choo unakwama. Mwingine akasema saa ya ukutani inakimbia na kumdhulumu kila Ijumaa. Ikatajwa supu, ikatajwa redio, yakatajwa mapazia ambayo Ctibor alikuwa ameahidi kuyateremsha na hakuwahi. Alisimama akasikiliza yote hadi mwisho, na uso wake ulikuwa wa mtu ambaye homa imemtoka alfajiri, analala kwenye shuka zilizolowa, na hataki mtu yeyote azibadilishe bado.

Aliyekwenda mbali zaidi ni Bedřich. Alisema kumimina kwa sasa ni kuzuri, hana neno, ila ule mkono wa zamani ulikuwa na haraka kidogo.

"Basi subiri," Slávka akamwambia, akarudi nyuma ya kaunta.

Akasubiri.